Sakafu ya Waya ya Mwalimu Kiptoo

Walubengo alikuwa akipiga randa ubao wa saiprasi katika karakana yake mtaani Munyaka mgeni alipoingia bila kubisha. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu adhuhuri, lakini viatu vya mgeni vilikuwa vikavu. Udongo mwekundu ulikuwa kwenye nywele zake tu, na ndani ya masikio.

"Fundi, unatengeneza sakafu ya mzinga? Ile ya waya?"

"Natengeneza. Ya nani?"

"Ya mke wangu, Jepchirchir wa Yamumbi. Mimi ni Mwalimu Kiptoo."

Walubengo aliweka randa chini. "Yule wa foleni?"

"Ndiye."

Siku ya uchaguzi wa mlolongo, watu walipojipanga nyuma ya wagombea wao, foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu. Mwalimu Kiptoo akaanza kuzihesabu upya kwa sauti, kama alivyozoea kuwahesabu wanafunzi wake asubuhi. Jioni gari lilimchukua. Chifu alitangaza barazani kwamba mwalimu amevuka kwenda Uganda na mwanamke.

"Kwani hukuvuka?"

"Sijafika hata Turbo hapo njiani."

Alieleza kwamba viwavi wa nondo walikuwa wakimaliza masega ya mkewe. Alikuwa amemwahidi sakafu hiyo kabla ya uchaguzi. Aliokota msumari aonyeshe shida yake, nao ukapita katikati ya kiganja ukaanguka.

"Na ukishaiweka, fundi, isizibwe. Hata wakikuambia."

"Haitazibwa, Mwalimu."

Walubengo alitengeneza fremu ya saiprasi, akapigilia chini yake wavu wa waya wenye matundu ya kupitisha uchafu bila kupitisha nyuki. Chini ya wavu aliweka trei ya bati, akaipaka mafuta ya ng'ombe ili kiwavi akianguka asipande tena. Kesho yake alibeba kazi hiyo hadi Yamumbi, akatoa sakafu iliyooza na kuweka mpya.

"Nani amekutuma?" Jepchirchir aliuliza.

"Mwenye boma, Mama."

"Amekonda?"

"Kidogo."

Alipovuta trei asubuhi iliyofuata, Jepchirchir alikuta vipande vya nta, viwavi wanene na kipande cha kifungo cha shati chenye uzi wa kijani. Uzi aliujua, kifungo alikishona mwenyewe. Baadaye zikaanza kuanguka kucha na chembe nyeupe ngumu kama mfupa uliosagwa. Nyuki walizileta kutoka kwenye msitu wa miwati iliyokuwa ikichanua ng'ambo ya mto, mahali ambapo askari waliwakataza watu kuokota kuni. Kisha wakazitupa chini, kwa sababu nyuki hawaweki ndani kisicho chao.

"Jino litapita?" alimuuliza Walubengo.

"Halitapita, Mama. Nikipanua matundu, nyuki watatokea chini."

"Basi aje hivyo hivyo, amesagwa."

Alimkusanya katika kopo la mafuta ya Kimbo. Kopo likijaa, alisema, angemwita kasisi amzike.

Habari zilimfikia Kimutai, naibu wa chifu. Alikuja na vijana wa chama tawala, na akaagiza Walubengo aletwe kutoka Munyaka na ubao na vifaa vyake. Aliinamia trei, akachambua chembe kwa kijiti.

"Huyu ni Kiptoo, kweli," alisema. "Lakini mtu aliye Uganda hawezi kuwa Yamumbi. Fundi, ziba hapo chini."

Kijana mmoja alipendekeza mzinga uchomwe.

"Uchome na asali anayopelekewa chifu? Wewe una akili?" Kimutai alisema. Wenzake kijana walicheka. "Fundi, ziba."

"Siwezi, Mzee. Niliahidi."

"Uliahidi nani?"

"Mwenyewe."

Kimutai aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Vijana walimlaza Walubengo mkono wa kulia juu ya ubao wake, wakaupiga kwa nyundo yake, kidole kwa kidole, hadi ukawa bapa. Halafu wao wenyewe wakapigilia ubao huo chini ya wavu, misumari imepinda, na mmoja akalimwaga kopo chooni. Kimutai alimrudishia Jepchirchir kopo lake. "Bado ni zima, Mama," alisema. Walipoondoka walibeba galoni ya asali.

Walubengo alikaa kwenye nyasi mpaka kutapika kulipokoma. Jepchirchir alimfunga mkono kwa kitenge.

"Nenda nyumbani, fundi. Mwalimu ataelewa."

"Nipe nyundo, Mama."

Alilala chali chini ya mzinga na kung'oa misumari kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kung'oa kitu. Nyundo iliteleza ikampiga usoni, akaanza tena. Ubao ulipoanguka, alirudisha trei mahali pake.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, chifu alitangaza kwamba Mwalimu Kiptoo anawasalimu wote kutoka Uganda. Jepchirchir alipofika nyumbani alivuta trei. Kulikuwa na nta, viwavi wawili na chembe moja nyeupe. Alikwenda kuosha kopo.