Wa Kwanza Mlangoni

Kwenye mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, wa kwanza kufa alikuwa Khaemba, kila mara. Si kwamba hakujua kulenga. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa Wekoye, na Wekoye mwenyewe alilijua hilo. Lakini Wekoye ndiye nahodha, na mbinu yake ilikuwa moja tu: Khaemba avunje mlango, maadui wammiminie risasi, na wakishajianika hivyo, Wekoye aliyejibanza nyuma awadungue mmoja mmoja. Kwenye ubao wa alama Wekoye aling'ara. Khaemba alionekana mzembe anayekimbilia kifo.

Utasema, si akatae? Ni rahisi kusema ukiwa nje. Kwao Kamukuywa, vijana waliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki, na bakoki hanyimwi kitu. Akikuomba shati, unavua. Tena hawa wawili walisimama ua mmoja, asubuhi moja, mbele ya ngariba mmoja. Wekoye alitangulia kwa sababu alizaliwa mapema, basi. Ndivyo desturi inavyopanga. Lakini ukimsikia akisimulia, ungedhani alijitolea.

Jumamosi hiyo timu yao ya watu watano ilikuwa imetoka Bungoma kuja Kitale, kwenye ukumbi wa michezo wa Gurpreet, ghorofani juu ya duka lake la spea. Gurpreet alikuwa ametangaza kwamba angechagua mchezaji mmoja wa kukaa hapo Kitale na kuichezea timu yake kama kazi. Mmoja tu. Khaemba aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Akiikosa, ilikuwa ni kurudi kwenye mashine ya mjomba ya kusaga unga, awe mweupe kuanzia kope hadi viatu mpaka azeeke.

Wakafika raundi ya mwisho, timu zikiwa sare. Wenzao watatu walikuwa wameshauawa. Ndani ya bohari kulikuwa na maadui wawili, na nje ya mlango wake walibaki Khaemba na Wekoye.

"Ingia, bakoki. Niko nyuma yako," Wekoye akasema kwenye kipaza sauti.

Khaemba hakubonyeza kitu. Alijua akiingia atakufa, na Gurpreet alikuwa amesimama hapo hapo nyuma ya viti akitazama.

"Leo tuingie pamoja," akasema.

Saa ya mchezo ikazidi kuyoyoma. Wekoye hakukasirika, na heri angekasirika.

"Siku ya kisu," akauliza taratibu, timu nzima ikisikia, "nani alitangulia?"

Wenzao wakacheka. Khaemba aseme ulitangulia kwa umri tu? Jibu hilo lingefika Kamukuywa kabla yake, nalo lingefika likisema kwamba Khaemba aliogopa kisu. Akavunja mlango, akaingia, akafa. Wekoye akawamaliza wale wawili, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Gurpreet alikuja moja kwa moja akaweka mkono begani kwa Wekoye. Khaemba alikuwa anachomoa waya zake, na ajabu ni kwamba moyo wake ulianza kutulia. Kwenye mashine ya unga angalau hakuna ambaye angemtuma mbele afe. Potelea mbali, alijiambia, yamekwisha.

Ndipo akamsikia Wekoye akimwambia Gurpreet kwamba haendi popote bila bakoki wake. Alisema kwa dhati, machozi yakimlengalenga, maana kweli alimpenda. Gurpreet akamgeukia Khaemba, akampima kwa macho kama mtu anayechagua spea.

"Wa kulenga napata wengi," akasema. "Wa kuingia bila kuuliza ndiyo shida kupata. Kujeni wote wawili."

Wekoye akamkumbatia Khaemba mpaka mbavu zikauma. "Umeona? Si nilikwambia niko nyuma yako, bana?"

Khaemba akashukuru. Angefanya nini? Kazi aliyoililia ilikuwa imekuja, na ilikuwa ile ile ya kufa. Gurpreet akawapeleka kuona chumba watakachoishi, mwisho wa ukumbi, akawafungulia. Wekoye akasogea kando ya mlango.

"Ingia, bakoki," akasema.

Khaemba akaingia.