Viatu vya Mzimamoto

Tangu moto wa ghala ulipomchukua mwenzake, mzimamoto hakulala usingizi wa mtu. Alikuwa nyumbani kwa likizo ya ugonjwa, lakini buti zake zilisimama kando ya kitanda kama kule kituoni, suruali ya kazi juu yake, tayari kuvaliwa king'ora kikilia. Mama yake alifagia akizizunguka.

Siku mwanawe aliporudi kutoka kwa mshauri nasaha wa hospitali mara ya kwanza, alimuuliza, "Haya, kakuambia nini?"

"Nisogeze buti kuelekea mlangoni. Kila wiki hatua moja."

"Basi? Mimi na ufagio wangu tungezifikisha leo leo."

"Nizisogeze mwenyewe, mama."

Wiki ya kwanza zikasogea hatua, na ya pili vilevile. Ya tatu gari la zimamoto likapita barabarani likilia, buti zikarudi kitandani. Mama akadhani mwanawe hatakanyaga tena kwa yule mshauri. Lakini alikwenda, na buti zikaanza safari upya.

Asubuhi moja mama alitoka jikoni na ndoo, akajikwaa, maji yakamwagika ukumbi mzima. Kutazama, ni zile buti, nje ya mlango wa chumba. Akafungua kinywa amkaripie mwenye buti. Jua limeshapanda, na ndani mwanawe anakoroma.

Mama akafumba kinywa, akachukua kitambaa, akayakausha maji polepole asije akamwamsha.