Salamu ya Msituni

Kitendawili! Sikiliza, wewe uliyekaa hapo: kila alfajiri namtuma nje peke yake, naye hurudi na mwenzake. Siku akirudi peke yake, sili nikashiba. Ni nani?

Usijibu bado. Twende kwanza Balambala, nchi ya ukame, kwa mama mmoja aitwaye Ilwad.

Ilwad alimzika binti yake, Sadia, mtoto wa miezi minane. Tangu hapo, kila alfajiri bibi yake, Ayeeyo Habibo, yaani Bibi Habibo, alimwita kupitia pazia la mlango, kama watu wa kwao wanavyoamkiana: "Ma nabad baa?" Kuna amani? Na mtu hujibu, "Waa nabad," ipo amani, hata kama ukame umemmalizia mbuzi. Ilwad hakujibu. Si kwa jeuri. Aliona akijibu atakuwa amemsaliti mtoto. Mwaka ukapita hivyo, pazia katikati yao.

Ndipo ofisi yake ya kutunza swala wa porini ikamtuma Uganda, ajifunze jinsi wenzao wanavyopeleka wageni kuwaona sokwe wa mwituni, wale gorila.

"Uende mbali hivyo kuangalia nyani?" Ayeeyo akacheka. "Si ukae tu shambani! Wetu wanakuja wenyewe, na mahindi wanabeba."

"Hawa ni sokwe, Ayeeyo. Wakubwa kama ngamia aliyepiga magoti."

"Haya, basi wasalimie."

Msitu ule ulikuwa kama ndoto ya mtu aliyelala na kiu. Majani yalidondosha maji na mvua hainyeshi. Mbingu haikuonekana, kijani juu, kijani chini, na ukungu ukipita kati ya miti polepole, kama kondoo wanaoshuka mtoni kunywa. Ilwad alitembea mpaka akasahau ni siku gani, sketi imelowa hadi magotini.

Mwongozaji wa wageni akainua mkono, wote wakasimama. Akasafisha koo taratibu: mm-hmm.

Ilwad akashtuka. Ndivyo marehemu babu yake alivyokuwa akikohoa nje ya ua wa miiba, waliomo wasiogope.

"Unamwambia nini?" akanong'ona chini ya barakoa waliyovishwa wasiwaambukize sokwe.

"Nabisha hodi, dada. Nasema tumekuja kwa heri."

Majani yakafunguka. Mama sokwe alikuwa ameketi, mtoto amelala kifuani pake, vidole vimeng'ang'ania manyoya. Hivyo hivyo Sadia alikuwa akishika shela ya mama yake. Ilwad akataka kugeuka, miguu ikakataa.

Yule mama akamtazama kwa macho ya kahawia yasiyo na haraka. Akaguna: mm-hmm.

Mwongozaji safari hii alinyamaza. Ilwad akasikia koo lake mwenyewe, lililofungwa mwaka mzima, likijibu: "Mm-hmm."

Basi. Yule mama akarudi kumchambua mwanawe manyoya. Hakumuuliza Ilwad kama ameacha kulia, wala kama amesahau. Alitaka kujua tu kama aliyekuja amekuja kwa heri. Ilwad akalia pale pale, barakoa ikaloa, wala hakuona haya.

Siku ya nne baada ya hapo alikuwa amelala kwake Balambala. Alfajiri ikaingia na harufu ya vumbi na chai ya maziwa ya ngamia. Nyayo za Ayeeyo zikajiburuta ua mzima, zikasimama nje ya pazia. Salamu ikatumwa peke yake, kama siku zote.

"Ma nabad baa?"

Ayeeyo akageuka aende zake. Nyuma yake mtu akasafisha koo.

"Waa nabad, Ayeeyo."