Asilimia Kumi

Paa la nyumba ya mama yao lilikuwa limechakaa kiasi kwamba mvua ikinyesha, watu walipishana na mabeseni sebuleni. Chumbani kwake ndiko kulikovuja zaidi. Mama mwenyewe hakuweza tena kulala chali. Mapafu yalikuwa yamechoka, alilala ameegemezwa mito, na kila pumzi aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Daktari aliwaambia watoto wake neno moja bila kuzunguka: mwili huu usipigwe na baridi.

Basi wakaamua kuezeka upya kabla mvua za msimu hazijakolea. Walikuwa watatu. Dada, mkubwa wao, alikuwa mshonaji, na ndiye aliyehamia kwa mama kumuuguza, akaja na cherehani yake kabisa. Wa kati alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa maneno machache na mikono yenye makovu. Mtaani walimwita Bati, na hata nyumbani jina likaganda. Kitinda mimba walimwita Profesa tangu utotoni kwa sababu ya maswali yake. Alifanya kazi katika duka la kutoa nakala, na yeye ndiye aliyepewa jukumu la kutafuta siku kavu.

Hakuifanya kazi hiyo kwa mzaha. Aliweka kwenye simu programu mbili za utabiri wa hali ya hewa na tovuti moja, akawa anazisoma zote kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Jioni alitoka nje kuangalia nani amesema kweli. Ya kwanza ilikuwa na woga: ilitabiri mvua kila siku ili ikinyesha isilaumiwe. Ya pili ilichora jua hata siku aliyofika nyumbani viatu vimejaa maji. Ya tatu, ile tovuti isiyo na mapambo, haikusema itanyesha wala haitanyesha, ilitoa asilimia. Iliposema themanini, watu walikimbilia nguo kwenye kamba. Iliposema kumi, vumbi lilitimka. Wiki zilivyopita, shaka ikamwisha.

"Hii ndiyo ya kushika," aliwaambia nduguze, wote wakiwa wamemzunguka mama kitandani. "Alhamisi inasema asilimia kumi. Wiki nzima hakuna siku nzuri kama hiyo."

"Na hizo nyingine?" Bati aliuliza.

"Moja inasema jua. Nyingine inasema mvua, lakini hiyo ni kama mbwa anayebwekea kila mpita njia. Ukimsikiliza hulali."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Dada alimshika mgongo mpaka kikapita.

"Na hiyo kumi," mama alisema alipopata pumzi, "inakaa wapi?"

"Ni ndogo, mama. Ni kama haipo."

"Sikukuuliza ukubwa wake, mwanangu."

Wakacheka wote. Dada akapendekeza mama apelekwe kwa jirani siku hiyo. Mama akakataa katakata. Jirani yule ana mdomo usio na mlango, alisema, na mimi sina pumzi ya kumjibu. Kwa kuwa utabiri ulikuwa mzuri, hakuna aliyemshurutisha. Walikubaliana mama ahamishiwe sebuleni, upande wa chumbani uezekwe kwanza, kisha arudishwe chumbani ndipo upande wa pili uguswe.

Alhamisi ikapambazuka na anga safi, bila hata wingu la kusingizia. Walikifungua kitanda vipandevipande, kwa kuwa hakikupita mlangoni, wakakiunga tena sebuleni. Bati alipanda juu na mafundi wenzake wawili. Mabati ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu mpaka yanavunjika kama mkate mkavu, kwa hiyo kazi ikaenda mbio. Kabla jua halijafika utosini, upande wa chumbani ulikuwa mbao tupu.

Bati alichungulia chini. Profesa alikuwa uani, simu mkononi.

"Bwana mdogo, bado kumi?"

Profesa akaangalia. "Bado kumi."

"Basi tunafungua kote. Tukienda hivi, leo tunamaliza."

Dada aliinua uso kutoka kwenye bakuli la uji aliokuwa akimlisha mama. Alitaka kusema kitu, lakini juu nyundo zilikwishaanza kung'oa misumari, na fundi alikuwa mdogo wake, si yeye. Baada ya muda mama alikuwa amelala chini ya anga ya buluu, akiikunjia macho. Alisema hajawahi kuwa na dari nzuri kiasi hicho.

Wingu lilitokea nyuma ya majengo ya barabara kuu, jeusi chini, likaja haraka. Upepo ulifika kwanza. Bati alipiga kelele leteni turubai, wakalitupia juu ya mbao, lakini kabla hawajafunga kona ya pili upepo ulilinyakua na kulibwaga uani kwa jirani. Kisha mvua ikashuka.

Kitanda hakikupita mlangoni. Kulikuwa na jiko upande wa pili wa ua, lakini kumbeba mama kufika huko kulikuwa ni kumpitisha katikati ya mvua ileile. Bati aliruka chini na bati jipya, yeye na Profesa wakalishika pande mbili juu ya mama, mikono imenyooshwa. Dada alipanda kitandani akamkumbatia ili amkinge kwa mwili wake. Maji yalipiga bati kwa kishindo hata hawakusikiana. Yalitiririka pembeni yakaingia kwenye godoro, na upepo ulipogeuka yakaja ubavuni. Makali ya bati yalimkata Profesa viganja, na damu ilichuruzika na maji mpaka kwenye kiwiko, lakini hakuliachia. Aliona midomo ya mama ikisogea. Hakusikia kitu.

Ilipopungua walimbeba hadi jikoni, wakamvua, wakamkausha, wakawasha moto. Mama alikuwa wa kijivu. Siku ya pili homa ikapanda. Hospitali walimwekea oksijeni, na daktari aliyemwona alitoka akasema nimonia, akaangalia chini. Hakumaliza wiki.

Siku ya mazishi kulikuwa na jua kali. Shangazi yao alipouliza ilikuwaje mgonjwa akanyeshewa ndani ya nyumba, Bati alijibu mbele ya watu wote: "Muulizeni Profesa. Simu yake ilisema kukavu."

Usiku na mchana Profesa alilitafuna jambo moja. Angekuwa ametegemea mwongo angemchukia mwongo, yakaisha. Lakini ile tovuti haikudanganya. Ilisema kumi, na kumi ikaja. Katika siku nyingi kama ile, chache hunyesha, na yeye alimlaza mama yake katika mojawapo. Maneno "ni kama haipo" hayakuandikwa popote. Aliyasema yeye.

Bati alirudi kumalizia paa, lililokuwa limefunikwa turubai tu, baada ya arobaini kupita. Dada alimwita Profesa aje kupitisha mabati, na akaja. Walifanya kazi asubuhi nzima. Wakiwa kwenye mabati ya mwisho, Bati aliweka nyundo chini.

"Fundi hafungui pande zote mbili," alisema. "Hata siku ya jua. Hilo nilifundishwa kabla sijashika nyundo."

"Niliona ukifungua," Profesa alisema.

"Mbona hukusema, makaburini pale?"

"Uliniuliza bado kumi, nikakwambia bado."

Bati alisubiri, labda aambiwe kitu kingine. Profesa akainama, akanyanyua bati lililofuata, akampa.

Msimu ule mvua ilinyesha sana. Dada alilala peke yake chumbani kwa mama, akasikiliza maji yakipita juu bila tone kuingia. Wadogo zake walikuja kumjulia hali kila Jumapili. Mmoja alikuja asubuhi, mwingine jioni.