Kifungu cha Caritas

Siku ya komunyo ya kwanza ya Nella, mtaani Ngagara, wageni waliacha wali ukipoa wakibishana nini kibadilishwe kwenye katiba. Bonfils, baba wa mtoto, alitaka mgawo wa viti vya bunge kwa makabila ufutwe. Shemeji yake akaapa usiguswe, maana ndiyo kinga ya kabila lao. Sauti zikapanda mpaka mtoto mwenyewe akasahauliwa.

Caritas, mama yake Nella, akabwaga sinia mezani.

"Basi! Mi nina kifungu kimoja tu. Mutu akibisha hodi, afunguliwe kwanza. Kabila lake ataulizwa kesho."

Wakacheka. "Hiyo si sheria, Mama Nella!"

"Apana, ni sheria. Na nyumba ilikotungwa naijua." Akamshika bega Mwanasiti, bibi wa Kiislamu kutoka Buyenzi, aliyekuwa akimfunga Nella utepe wa nywele. "Wakati wa vita nilibisha kwa huyu mama, nikiwa mutoto mudogo, peke yangu. Akanipa uji, akanilaza katikati ya watoto wake, akasema mambo ya kabila tutaongea kesho."

Caritas akampakulia Mwanasiti sahani ya kwanza.

"Ile kesho, mpaka leo haijafika."