Bei ya Sumaili

Mume wangu Kasimu ni mtu wa duka. Alipoambiwa kuna fundi hapa Kasongo anayelipwa kuosha magari tu, alicheka mpaka akakohoa.

"Maji iko bure mu kijito," alisema. "Sabuni iko mu duka yangu. Mikono iko. Sasa mi nalipa nini?"

Nilimjibu kwamba hata nyama iko bure msituni, basi aende akaikamate kwa mikono hiyo hiyo. Alichukua kofia yake akarudi dukani.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa. Alilinunua Kabambare mwaka wa hamsini na saba, kwa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa anarudi kwao kwa haraka. Bati la juu ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, lilikuwa limebonyea. Mzungu alisema aligonga mbawala. Kasimu aliamini, kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na bei ikiwa nzuri mume wangu huamini lolote. Alitaka kuliuza tena Kindu apate faida.

Mimi moyo wangu haukuwa kwenye gari. Mdogo wangu Yakubu, niliyemlea tangu mama yetu afe, alikuwa ameondoka miezi mitatu kabla ya hapo, kwa miguu, kwenda Kabambare kuuza kofia nilizozishona. Mimi ndiye niliyemtuma. Yakubu alikuwa na jino bovu ambalo hakukubali ling'olewe, na siku zote aliweka karafuu shavuni, hata nikawa namtania kwamba ukimkumbatia unasikia njaa ya pilau. Hakurudi. Niliuliza Nyangwe, nikatuma watu Lusangi kwenye machimbo. Kasimu alinituliza kwamba vijana ndivyo walivyo, iko siku atarudi na mke. Niliomba jambo moja tu kila siku: awe hai, hata kama ni mlevi, hata kama amenisahau.

Kasimu aliliosha gari mwenyewe mara tatu, na mara tatu nikaona jambo lile lile. Jua la saa sita likiwa kali, milango imefungwa, kioo cha upande wa kulia kiliingia ukungu kwa ndani. Hakikuingia ukungu kioo kizima. Lilikuwa doa moja la ukubwa wa kisahani, pale ambapo mtu aliyeegemeza kichwa angeweka mdomo wake. Doa lilikua, likapungua, likakua tena. Siku moja nilifungua mlango nipanguse, nikasikia harufu ya karafuu. Niliufunga kwa nguvu. Nilijiambia kwamba karafuu iko katika kila nyumba ya Kasongo, na Wazungu nao wana meno.

Kisha akaja karani mmoja kutoka Kindu, jina lake Marcellin, kutazama gari. Aliketi upande wa kulia, akatoka upesi, akijipangusa shingo.

"Iko mutu anapumua hapa ndani," alisema, halafu akacheka kwa aibu. Lakini hakununua, wala hakubaki kunywa chai.

Ndipo Kasimu akakubali kumwita Sumaili, yule fundi wa kuosha magari.

Sumaili alijifunza kazi Usumbura, kwenye gereji ya Wazungu. Alirudi na brashi za kila namna, makopo ya nta, na kipande cha ngozi laini ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Bei yake ilikuwa ya mbuzi mmoja mzima, na hakupunguza hata faranga moja, hata kwa baba mkwe wake. Kazi yake ya pili aliirithi kwa baba yake: kuosha maiti wa kiume wa msikiti wetu. Hiyo hakuitoza hata kipande cha sabuni. Wafiwa wakimletea kitu, hakukipokea; aliacha mikono yake wazi ubavuni mpaka wakaona haya wakakiondoa. Na alichokiona juu ya maiti hakukisema kwa mtu, kwa maana ndiyo amana ya muoshaji. Wenye magari walinung'unika kwamba anawakamua wao ili afidie huko.

Alikuja Alhamisi asubuhi, anaimba. Alianza upande wa kushoto. Alisugua, akakwangua, akapaka nta, akafuta kwa ile ngozi, na kufikia saa nne Kasimu alikuwa anajitazama mlangoni na kurekebisha kofia yake.

"Ee, Mama Faida, njoo uone," aliniita. "Hii si maji ya kijito."

Nilifurahi kumwona ameshindwa. Nikaketi kwenye kivuli cha nyumba, nachagua mchele. Sumaili akazunguka, akafungua mlango wa kulia, na wimbo ukakatika.

Alisimama ameinama muda mrefu, kiganja chake juu ya kiti. Kisha akaja kwangu, hakunitazama machoni.

"Mama Faida, naomba shuka mbili."

Alizifunga kuanzia kwenye gari mpaka kwenye uzio, tusione. Akamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo, akaenda mwenyewe kuteka mengine. Aliporudi aliomba kafuri.

"Kafuri iko ya nini?" Kasimu aliuliza.

"Ya harufu," nilijibu mimi. Nilijibu upesi sana, kabla Sumaili hajafungua mdomo.

Nilisikia maji yakimiminwa polepole. Yakamiminwa tena. Kivuli chake kwenye shuka kilionyesha mkono wa kushoto umevishwa kitambaa, unapita taratibu, kama anaogopa kuumiza. Mchele uliniganda mikononi. Halafu nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini, ya upole:

"Samahani, ndugu yangu. Geuka kidogo."

Maji yakamiminwa mara ya tatu, na harufu ya kafuri ikajaa uani.

Alipotoka alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akaoga mwili mzima, kichwa mpaka miguu. Kasimu aliondoa shuka. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, na kioo cha kulia kilikuwa safi, hakina doa. Kasimu aliketi ndani, akavuta pumzi, akapiga kiti kwa kiganja.

"Kumbe inafaa!" alisema. "Bei yake iko na haki. Wiki ijayo mi nafika Kindu."

Sumaili alirudi, maji yanamchuruzika. Kasimu alimnyooshea pesa yote, bila kubishana. Mikono ya Sumaili ilibaki ubavuni, wazi.

"Hii ya leo haina bei, Baba Faida."

Uso wa mume wangu ulichangamka. Bure! Kisha akaitazama ile mikono. Akanitazama mimi, na mkono wenye pesa ukashuka.

Nilimnyang'anya zile noti, nikaushika mkono wa Sumaili.

"Chukua, Sumaili," nilisema. "Umefanya kazi. Bei yako iko mbuzi, kila mutu anajua. Nitaongeza wa pili, nitaongeza mashine yangu ya kushona. Chukua tu."

Alitazama chini.

"Basi chukua ya upande wa kushoto," nilimwomba, na sasa nilikuwa nalia. "Kule ulikuwa unaimba. Nilikusikia. Chukua ya kushoto peke yake."

Nilizikunja noti kiganjani mwake, nikavifunga vidole vyake kimoja baada ya kingine. Nilipoachia, vikafunguka. Noti zikaanguka kwenye udongo uliolowa, na mimi nikakaa chini hapo hapo, nikafungua kilemba changu, kama mfiwa.