Maji Machachu ya Mama Rachida

Asubuhi ile Mama Rachida alichomoa muhogo mmoja kutoka ndani ya tangi, akaugonga kwenye ukingo wa simenti. Ukalia ko, kama kuni. Akatugeukia sisi wanawake wa avenyi, mtaa wetu huu, na kuunyanyua juu ili kila mtu aone.

"Munasikia wenyewe? Hii ni muhogo ama ni mupini ya jembe?"

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, maana binti yangu Soraya alikuwa amesimama palepale na wenzake wawili wa chuo, na tangi lile lilikuwa lao.

Sisi wa upande huu wa chini wa Kasongo tunaloweka mihogo kijitoni. Kila nyumba ina shimo lake kando ya maji. Mihogo inalala mle mpaka inalainika na kuchacha, ndipo tunaianika na kuitwanga unga wa bugali. Shimo halinunuliwi. Bibi arusi akiingia, mama mkwe anamshika mkono, anampeleka kijitoni na kumwonyesha mahali pake, na siku hiyo ndiyo anajua amekuwa mtu wa nyumba. Mimi nilionyeshwa langu na mama wa marehemu mume wangu, Mungu awarehemu wote wawili.

Shida ni kwamba mashimo yako juu, na chemchemi tunayochota maji ya kunywa iko chini yake. Mvua ikinyesha, uchafu wote unateremka. Kila masika watoto wanaharisha, na wengine tunawazika.

Miaka ya nyuma wanafunzi walikuja. Wa afya walituambia tuchemshe maji, na kuni hawakutuambia tutazitoa wapi. Wa kilimo walituletea vipande vya mihogo vya kupanda. Wa ujenzi walijengea chemchemi ukuta mzuri, na maji machafu yakapita chini ya ule ukuta. Kila kundi lilikuja peke yake, likaenda peke yake, na sisi tukabaki na kuhara kwetu.

Mwaka huu profesa wao, André, aliwachanganya katika kundi moja. Soraya wangu anasoma uuguzi. Christophe anasoma kilimo, ni mtoto wa wakulima wa njia ya Kabambare. Aurélie anasoma ujenzi, binti wa suruali, anaendesha piki-piki yeye mwenyewe na hageuki mtu akimpigia mluzi. Profesa aliwapa kazi moja, chemchemi ya avenyi yetu, na akawaambia watapita wote watatu au wataanguka wote watatu.

Mwanzoni waligombana barazani kwangu mpaka kuku wakakimbia.

"Tufunge yale mashimo," alisema Soraya. "Tutafunga na maneno imeisha."

"Ukifunga, watu watakula nini?" Christophe akamrudishia. "Muhogo ya hapa ni muchungu. Kama haichache vizuri, sumu yake inabakia ndani. Iko inaharibu miguu ya watoto, hawatembei tena. Wewe wa afya haujue ile?"

Aurélie, aliyekuwa anachora chini kwa kijiti, akasema bila kuinua kichwa, "Basi tujenge pahali pengine pa kuloweka. Chini ya chemchemi, si juu."

Nilikuwa napepeta mchele. Nikasimamisha ungo, maana niliona kwamba kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha.

Watu wa avenyi wakatoa mchanga na mawe, tangi likajengwa. Lakini Mama Rachida alikataa kuligusa, na wengine wote walikuwa wanamtazama yeye. Shimo lake ndilo kubwa kuliko yote. Tena mwanawe Yassine alikuwa anaoa binti wa kule Nyangwe, harusi ilikuwa karibu.

"Mukwe wangu nitamuonyesha nini?" aliuliza. "Simenti?"

Soraya akamwambia mbele ya wote, "Mama Rachida, weka mihogo ya arusi ndani ya tangi. Kama haitalainika, mimi mwenyewe nitasema watu warudie mashimo yao, na hatutawasumbua tena."

Masika iliyopita Soraya alikuwa amekaa na mjukuu wa Mama Rachida kwenye kituo cha afya mpaka mtoto akapona. Kwa ajili ya hilo yule mama alikubali, na akaweka mihogo yake.

Na sasa siku za kulainika zilikuwa zimepita, na mihogo ilikuwa inalia ko.

"Sema sasa," Mama Rachida alimwambia binti yangu. "Uliahidi. Sema warudie."

Jirani yetu Esther-Divine akadakia kutoka nyuma, "Kwanza watuambie nani alijenga hii kitu!"

Kila mtu alijua aliyejenga. Aurélie alikuwa anatazama miguu yake. Nilimwangalia mtoto wangu, kwa sababu njia ya kutoka ilikuwa wazi mbele yake. Ilikuwa kusema jina moja tu, na uso wake ungebaki safi.

"Tulijenga sote watatu," alisema Soraya. "Tumekosea sote watatu. Neno langu nalikumbuka, Mama Rachida, silikimbii. Ninaomba tu mpaka jioni ya leo, tujue kwanza tumekosea wapi."

"Arusi haingojee diploma yenu."

"Jioni tu, mama."

Mama Rachida aliutupa ule muhogo ndani ya tangi, maji yakamrukia usoni. Akajifuta. "Jioni," akasema, akaondoka.

Wale watatu hawakwenda nyumbani. Waliinama juu ya tangi kama watu wanaotafuta pete. Aurélie akachovya vidole, akavisugua.

"Hii maji inateleza kama sabuni," alisema. "Ni chokaa. Simenti mupya inatoa chokaa ndani ya maji." Akafuta vidole kwenye suruali yake. "Basi ni mimi."

"Na mimi je?" alisema Christophe. "Nani alisema tujaze mihogo mara moja, tusingojee? Ni mimi. Chokaa inaua uchachu, na bila uchachu muhogo utalala mule mpaka Kiyama."

"Mwenzako ni Muislamu, usicheze na Kiyama," Soraya akamwambia, na wote wakacheka kidogo. Kicheko kile kiliwasaidia kuliko chakula nilichowaletea.

Aurélie akasema tangi litasuguliwa, maji yatabadilishwa na kubadilishwa mpaka utelezi uishe. Christophe akatikisa kichwa.

"Sawa, likuwe safi. Lakini uchachu utatoka wapi? Shimo ya udongo inatunza uchachu ya zamani. Hii simenti haina kitu. Hata tukiosha, tutangojea sana, na arusi itapita."

Soraya akanigeukia.

"Mama, siku kaka alimuoa Malaika, ulibeba nini kwenye beseni kupeleka kijitoni?"

"Maji machachu ya shimo langu," nikamjibu. "Ya kuamshia shimo lake. Kila bibi arusi anayaomba kwa mama mukwe. Shimo mupya bila kuamshwa linalala."

Desturi ile naijua tangu nilipoolewa, lakini ya chokaa sikuijua, na kuziunganisha hizo mbili kusingenijia. Christophe alipiga makofi mpaka mbuzi wa jirani akastuka.

"Ni ile! Ni ile kabisa! Tunahitaji mingi, ijaze nusu ya tangi."

"Shimo gani iko na maji mingi hivyo?" aliuliza Aurélie.

Lilikuwa moja tu, la Mama Rachida.

"Mimi nitabakia hapa kuchunga vyombo," alisema Christophe.

Walisugua tangi mchana kutwa. Nilipotoka kusali alasiri niliwakuta wanatafuta nguo. Anayeomba maji ya kuamshia anakwenda amejifunga kikwembe kiunoni, amefunika kichwa, na beseni tupu mikononi. Nikampa Aurélie kikwembe changu cha Idi, akakifunga juu ya suruali. Christophe wakamtupia kitambaa begani. Nikawafuata kwa mbali kidogo, natembea na tasbihi yangu.

Mama Rachida alikuwa ameketi mlangoni na nusu ya avenyi pembeni yake, wanangoja kusikia wanafunzi wakisema wameshindwa. Wale watatu walipiga magoti mbele yake, kila mtu na beseni lake.

"Hii ni nini tena?" alisema Mama Rachida, ingawa alijua vizuri.

"Tumekuja kuomba," alisema Soraya.

"Muko wa nyumba gani nyinyi?"

Soraya alifikiri. "Ya tangi," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mama Rachida hakucheka.

"Munaomba nini?"

"Maji ya kuamshia. Mihogo yako iko hai, mama, inalala tu. Chokaa ya simenti ilikuwa inaizuia. Tumeisha kuiosha. Sasa tunakosa mama wa kutuamshia."

Yule mama aliyatazama mabeseni matupu. "Ile maji nilipewa na mama mukwe wangu," alisema, "na yeye alipewa na wake. Nikiimimina kwenu, shimo langu litakuwa la nini?"

Alitazama watoto waliokuwa wanacheza vumbini, akamtazama mjukuu wake kati yao. Akainuka, akashika kata yake mwenyewe, akatangulia kijitoni.

Alichota kwa mkono wake. Maji yalikuwa meupe, yananuka uchachu ule wa nyumba zetu. Alijaza beseni la Soraya, la Aurélie, na alipofika kwa Christophe akasimama.

"Basi leo mumeolewa wote watatu. Hata huyu muvulana!"

"Na mahari yangu, mama?" alisema Christophe, ameinama vilevile.

"Mahari yako ni kubeba!"

Akambebesha. Walikwenda na kurudi mpaka tangi likafika nusu, na wanawake waliokuja kucheka wakaishia kubeba nao. Esther-Divine alikuwa wa kwanza.

Asubuhi ya tatu Mama Rachida alipokuja kubonyeza muhogo wake, tulisimama tena kama siku ile. Kidole gumba kilizama. Alivunja kipande, akakinusa, akakipitisha kwetu mkono kwa mkono, na kilipofika kwangu nilisema Alhamdulillahi kwa sauti. Jua lilitukubalia, unga ukawahi, na wageni wa Nyangwe walikula bugali kwa samaki wao bila kuuliza chochote.

Kesho yake Mama Rachida alimshika mkwe wake mkono. Walipita kando ya shimo la zamani, wakateremka mpaka tangini, akamwonyesha mahali pake. Halafu akaomba jembe, akaanza kulifukia shimo lake. Wengine nao wakaenda kuchukua majembe yao.

Profesa André alikuja kuangalia kazi. Alizunguka tangi, akaonja maji ya chemchemi, akamwuliza Mama Rachida ni nani kati ya wale watatu aliyepata dawa.

Mama Rachida akamtazama kama mtu aliyeuliza kitu cha aibu.

"Baba, hawa niliwapokea wote siku moja," alisema. "Usinigawanyie nyumba."

Soraya aliinamisha kichwa kuficha uso wake. Mimi sikuficha wangu.